Mali bila Daftari: Matumizi ya Hifadhidata Huria za Uhusiano katika Uundaji wa Programu Tumizi

Ikisiri

Makala haya yanajadili hifadhidata huria za uhusiano na matumizi yake ya kawaida katika uundaji wa programu tumizi. Yanaanza kwa kueleza dhana yenyewe kwa mifano ya ushairi wa Kiswahili, kisha yanaangazia matumizi yanayomgusa msomaji wa Kenya moja kwa moja: wavuti, maktaba, hospitali na simu za rununu. Hatimaye yanabainisha matatizo mawili ambayo lugha ya Kiswahili huyakabili ndani ya hifadhidata hizi, na kudai kwamba utatuzi wake ni wajibu wa mwanaisimu na mhakiki wa fasihi kama ulivyo wa mhandisi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa panapozungumziwa biashara, lakini mtafiti wa fasihi naye ana mali yake: tungo alizozikusanya, sauti alizozinasa na majina ya waliomwamini wakampa. Yaliyonisukuma kuandika makala haya ni kwamba mimi nilikuwa na daftari, na mali ikanipotea mle mle daftarini.

Nilipokuwa nikikusanya mashairi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, niliyaorodhesha yote katika lahajedwali moja. Safu ya kwanza ilikuwa na jina la mtunzi, ya pili mwanzo wa shairi, ya tatu mahali nilipolipata, na kadhalika. Siku moja niliipanga safu ya majina kwa mfuatano wa abjadi bila ya kuzijumuisha safu nyinginezo. Majina yalihama, mashairi yakabaki yalipokuwa. Sikugundua. Niliendelea kuandika kwa wiki tatu nikinukuu kutoka katika orodha hiyo, hadi niliporudi Lamu kumsomea mtunzi mmoja mzee rasimu ya sura iliyomhusu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, utungo huo ni wangu. Mbona umempa mwenzangu?”

Swali hilo lilinifedhehesha, na hadi leo sijalisahau. Katika fani yetu, kumpokonya mtunzi utungo wake ni kosa kubwa kuliko kukosea tarakimu. Nilipotafuta njia ya kuhakikisha kwamba kosa hilo halitajirudia, nilijikuta nikijifunza somo ambalo halimo katika silabasi yetu. Nalileta hapa kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

2.0 Dhana ya hifadhidata ya uhusiano

Hifadhidata ni mkusanyiko wa data uliopangwa kwa utaratibu unaoiwezesha tarakilishi kuitunza, kuitafuta na kuibadilisha. Zipo hifadhidata za aina nyingi. Ile ya uhusiano ina asili yake katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Codd alipendekeza kwamba data yote iwekwe katika majedwali sahili, na kwamba uhusiano baina ya majedwali hayo udhihirike kupitia thamani zilizomo ndani yake. Katika miaka iliyofuata, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ambao pia walikuwa IBM, walibuni lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Lugha hiyo leo hujulikana kama SQL.

Tuchukue mfano kutoka nyumbani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakutufikia kwa njia moja. Muyaka aliyatunga, baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, W. E. Taylor akashirikiana naye katika kuyahifadhi. William Hichens akayahariri na kuyatoa katika diwani ya mwaka wa 1940. Na Mohamed Hassan Abdulaziz akayachapisha upya pamoja na uchambuzi wake mwaka wa 1979. Je, katika lahajedwali yenye safu moja iitwayo “mwandishi”, tuandike jina la nani?

Hifadhidata ya uhusiano hutulazimisha kulijibu swali hilo kabla ya kuandika neno lolote. Tutaunda jedwali la WATU, jedwali la TUNGO, jedwali la NAKALA, na jedwali la nne, tuliite KAZI, linaloonyesha ni nani aliyefanya nini: kutunga, kukusanya, kunakili au kuhariri. Kila rekodi hupewa namba isiyorudiwa, ambayo tutaiita ufunguo msingi. Muyaka akiwa namba 7 katika jedwali la WATU, basi popote anapohitajika tutaandika 7, na namba hiyo ikiwa katika jedwali jingine huitwa ufunguo wa nje. Jina lake huandikwa mara moja tu, mahali pamoja tu. Likiwa na kosa la tahajia, linasahihishwa hapo, na tungo zake zote hupata sahihisho hilo papo hapo.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Mpangilio wa rekodi katika jedwali hauna maana yoyote. Ukizipanga kwa jina, kwa mwaka au kwa mji, ufunguo husafiri pamoja na rekodi yake. Kosa langu la lahajedwali haliwezi kutokea kwa namna ile. Isitoshe, hifadhidata iliyoundwa vyema hukataa kupokea utungo uliohusishwa na mtu namba 95 ikiwa mtu huyo hayumo. Vilevile hukataa kumfuta mtunzi ambaye tungo zake bado zimo. Nidhamu ambayo mtafiti hutarajiwa kuwa nayo kichwani inakuwa imeandikwa ndani ya chombo chenyewe.

3.0 Maana ya uhuria

Programu huitwa huria pale ambapo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Katika uwanja huu majina matatu hutajwa mno.

La kwanza ni PostgreSQL, iliyotokana na mradi wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka wa 1986. Jina la sasa lilipatikana mwaka wa 1996. La pili ni MySQL, iliyotoka Uswidi mwaka wa 1995 na kuwekwa chini ya leseni huria ya GPL mwaka wa 2000. La tatu ni SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka wa 2000. Msimbo wa SQLite umetolewa kuwa mali ya umma kabisa.

Historia ya MySQL inatufunza thamani ya uhuria. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka wa 2008, na Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle mwaka wa 2010. Oracle ni kampuni inayouza hifadhidata zake yenyewe, na wengi waliingiwa na wasiwasi. Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, alikwisha kuanzisha mwaka wa 2009 tawi jipya lililotokana na msimbo ule ule, akaliita MariaDB kwa jina la binti yake mdogo. Binti mkubwa, My, ndiye aliyeipa MySQL jina. Leseni ndiyo iliyomruhusu kufanya hivyo. Umiliki wa kampuni ulibadilika, lakini waliotegemea chombo hicho hawakuachwa mayatima.

Hata hivyo, uhuria usichanganywe na ubure. Seva hununuliwa au hukodishwa, umeme hulipiwa, na mtu mwenye ujuzi lazima alipwe ujira wake. Kinachoondolewa ni ada ya leseni na, muhimu zaidi, ule utegemezi wa kuomba ruhusa.

4.0 Matumizi ya kawaida

4.1 Wavuti

Msomaji anapofungua gazeti au makala katika wavuti, kwa kawaida ukurasa auonao haujahifadhiwa kama ukurasa. Kichwa, matini, jina la mwandishi na tarehe hukaa katika majedwali, na programu huviunganisha pale msomaji anapoviomba. Programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka wa 2003, hutumia MySQL au MariaDB kwa kazi hiyo. Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka wa 2003, ilihamia MariaDB mwaka wa 2013. Kila sahihisho lifanywalo huongezwa kama rekodi mpya badala ya kuifuta ya zamani. Ndiyo sababu tunaweza kuona makala yalivyokuwa jana na mwaka juzi. Mhakiki wa matini ataitambua mara moja faida ya utaratibu huo: kila toleo lina ushahidi wake.

4.2 Maktaba, tasnifu na masomo

Wengi wetu tumezitumia hifadhidata hizi bila ya kujua. Programu ya Koha, inayotumiwa na maktaba kadhaa za vyuo vikuu nchini, iliundwa kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand na kuanza kazi mwaka wa 2000. Neno lenyewe ni la Kimaori, na maana yake ni zawadi. Koha hutumia MySQL au MariaDB. Programu ya DSpace, iliyozinduliwa mwaka wa 2002 na ambayo vyuo vyetu vingi huitumia kuhifadhi tasnifu, hutegemea PostgreSQL. Moodle, ya mwaka huo huo, huhifadhi mihadhara, mazoezi na alama katika mojawapo ya hifadhidata hizi.

Katika maktaba ndipo tunapoiona dhana ya muamala. Mwanafunzi anapoazima kitabu, mambo mawili hutukia: kitabu huandikwa kuwa kimetoka, na mwanafunzi huandikwa kuwa anadaiwa. Umeme ukikatika katikati, je, kitabu kitakuwa kimetoka bila ya mdaiwa? Hifadhidata ya uhusiano huzifunga hatua hizo mbili pamoja. Ama zote zitimie, ama isitimie hata moja. Kanuni hiyo hiyo hulinda fedha zinapohamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine: hazitoki huku zisifike kule.

4.3 Afya

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Eldoret. Mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani, ulikuwa ukihudumia wagonjwa wa UKIMWI ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka kwa kasi. Mwaka wa 2004 wataalamu kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walifika na kuona kuwa mfumo wa kumbukumbu uliokuwapo ulikuwa unalemewa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumia MySQL, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na baadaye kuenea katika nchi nyingi.

Kwa mwanaleksikografia, kiini cha OpenMRS kinasisimua. Kitovu chake ni kamusi ya dhana. Kila ugonjwa, kipimo au dawa ni dhana yenye namba yake, na majina ya dhana hiyo hukaa katika jedwali jingine, kila jina likionyesha ni la lugha gani. Kwa hiyo dhana moja yaweza kuwa na jina la Kiingereza, la Kifaransa na la Kiswahili, pamoja na visawe vyake, bila ya kumbukumbu ya mgonjwa kubadilika. Tunalofundishwa darasani kuhusu kitajwa na kitaja linatekelezwa hapa kwa majedwali mawili.

Vivyo hivyo, mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya ilianza kuutumia kote nchini mwaka wa 2011, hukusanya takwimu za vituo vya afya katika hifadhidata ya PostgreSQL.

4.4 Habari za dharura

Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, Wakenya wachache waliunda kwa siku chache tu programu iliyopokea taarifa za raia kupitia wavuti na ujumbe mfupi wa simu, na kuzionyesha katika ramani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Matoleo yake ya awali yalitumia MySQL. Kila taarifa ilikuwa rekodi yenye mahali, wakati na aina ya tukio. Mwaka wa 2010 ilitumiwa katika tetemeko la ardhi la Haiti. Chombo kingetakiwa kulipiwa leseni kwanza, kasi hiyo isingalipatikana.

4.5 Simu za rununu

SQLite haihitaji seva. Hifadhidata nzima huwa faili moja iliyomo ndani ya kifaa. Hii ndiyo sababu imo katika kila simu ya Android, ambako programu nyingi huitumia kuhifadhi anwani, jumbe na mipangilio. Kamusi iliyomo katika rununu na isiyohitaji mtandao yaweza kuundwa kwa njia hii. Kwa mtafiti wa nyanjani anayefanya kazi mahali pasipo na mawimbi ya simu, hiki ndicho chombo cha kuanzia. Mradi ukikua na watu wengi wakawa wanaandika kwa wakati mmoja, ahamie PostgreSQL au MariaDB.

5.0 Kiswahili ndani ya hifadhidata

5.1 Tatizo la ritifaa

Nilipomaliza kuunda programu yangu ndogo ya kutafuta tungo, nilijaribu neno “bahari”, nikapata majibu. Nikajaribu “ng'ombe”, programu ikaanguka. Sababu yake ni ya kimaandishi. Katika SQL, matini hufungiwa baina ya alama mbili zenye umbo la ritifaa. Programu yangu ililichukua neno la mtumiaji na kulipachika moja kwa moja ndani ya swali. Hifadhidata ilipoiona ritifaa ya “ng'ombe”, iliamini kuwa matini yamekwisha pale kwenye “ng”, na “ombe” ikachukuliwa kuwa amri isiyoeleweka.

Tatizo hilo si la kuchekesha tu. Mlango ulioangushwa na ng'ombe ndio mlango ambao mwizi huutumia. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika ritifaa kwa makusudi, kisha akafuatisha amri ya kweli ya kusoma siri au kufuta jedwali zima. Dawa yake ni kutolipachika neno la mtumiaji ndani ya swali. Swali huandaliwa kwanza likiwa na nafasi iliyoachwa wazi, kisha neno hupelekwa peke yake likiwa data, wala si amri. Lugha zote kuu za uundaji wa programu zina njia ya kufanya hivyo. Mwalimu wa programu anayetafuta jaribio rahisi kwa wanafunzi wake na awaambie watafute “ng'ombe”.

5.2 Tatizo la mzizi

PostgreSQL ina uwezo wa kutafuta katika matini kwa kuyarejesha maneno kwenye shina lake. Katika toleo la 16, la mwaka wa 2023, uwezo huo ulikuwa umeandaliwa kwa lugha nyingi, zikiwemo Kiindonesia, Kinepali na Kitamil. Kiswahili hakikuwamo.

Athari yake ni hii. Ukitafuta “lima”, hifadhidata haijui kuwa “tulilima”, “hawalimi” na “kilimo” ni jamaa wa neno hilo. Ukijaribu ujanja wa kutafuta herufi “lim” popote zilipo, utaletewa pia “ulimi”, “elimu”, “mwalimu” na “alimwona”. Mbinu zinazotumika kwa lugha nyingi za Ulaya hukata viambishi vya mwisho wa neno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, kirejeshi na mtendwa kabla ya mzizi, na kauli baada yake. Kanuni za kukitenganisha tunazijua sisi, maana ndizo tunazofunza na kutahiniwa katika mofolojia. Kwa kuwa msimbo uko wazi na leseni inaruhusu, hakuna anayetuzuia kuziandika na kuziongeza. Kinachokosekana ni mwanaisimu kuketi na mhandisi meza moja.

Ieleweke pia kwamba hifadhidata hizi hupokea hati za Kiarabu bila ya taabu. Utendi ulioandikwa kwa hati hizo waweza kuwekwa pamoja na unukuzi wake wa hati za Kilatini, kila ubeti ukifungamana na mwenzake kwa ufunguo mmoja, ili msomaji aone mwenyewe mahali ambapo mnukuzi alichagua sauti moja badala ya nyingine.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na mjadala huu, makala yanatoa mapendekezo matatu. Mosi, mwanafunzi wa uzamili anayekusanya data asiridhike na lahajedwali moja. Achore kwanza majedwali yake kwenye karatasi na kujiuliza ni kitu gani kinarudiwa na ni nani aliyefanya nini. Zoezi hilo peke yake, hata kabla ya kuwasha tarakilishi, litamfunza mengi kuhusu data yake. Pili, atunze nakala rudufu mahali pengine, kwani hifadhidata bora kabisa iliyomo katika tarakilishi moja iliyoibwa ni sawa na daftari lililoteketea. Tatu, idara zetu ziwashirikishe wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika kulishughulikia tatizo la mzizi, kwa kuwa lugha isiyotafutika ndani ya mitambo hubaki nje ya maarifa yanayohifadhiwa humo.

Chombo hakimfanyi mtu kuwa mtafiti. Hifadhidata itahifadhi uongo kwa uaminifu ule ule inaohifadhi ukweli, maadamu uongo huo una ufunguo sahihi. Ni mtafiti anayepaswa kwenda, kusikiliza, kuuliza na kurudi tena. Nilirudi Lamu. Nilikuwa nimeziingiza tungo zote upya, moja baada ya nyingine, nikizilinganisha na kanda na daftari za awali. Nilimwonyesha yule mzee rekodi yake: jina lake, utungo wake, siku aliyonisomea, na jina la mwenzake likiwa mahali pake. Alitazama kioo kwa muda, akaniomba nimsomee tena ubeti wa tatu, akanisahihisha neno moja. Nikalisahihisha hapo hapo, mahali pamoja tu.